Jambia, upanga na gobore la babu: jinsi ya kuvituma ng'ambo kwa halali

Swali: Assalaam alaikum. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Tanga. Katika mirathi zimetoka silaha tatu za babu yake: jambia la Kiomani lenye ala ya fedha, upanga mrefu ulionyooka, na gobore. Familia tumeshakubaliana. Jambia liende kwa kaka yangu aliyeko Maskati, upanga kwa shangazi Leicester, na gobore kwa binamu yetu Toronto. Je, nitume kwa posta au kwa kampuni ya vifurushi? Jirani aliyewahi kutuma vitu nje ameniambia niandike tu "mapambo ya nyumbani" kwenye fomu, maana ni vitu vya zamani na havina neno. Naomba ushauri.

Jibu: Waalaikum salaam dada, na poleni sana kwa msiba. Kabla hatujafika mbali: usiandike "mapambo ya nyumbani", na gobore liache palepale lilipo mpaka usome yote niliyoandika juu yake.

Umeniuliza posta au kampuni. Swali hilo ni la mwisho, si la kwanza. Ukianzia kwenye kaunta, utapata jibu la mtu anayepima uzito na kutoza nauli, na mtu huyo akipokea kifurushi chako hajakuhakikishia kwamba kitafika. Kinachoamua ni mambo matatu: kitu kimetengenezwa kwa nini, kimetengenezwa lini, na kitapita nchi zipi njiani. Ndiyo maana vitu vyako vitatu, ingawa vimetoka katika kasha moja, vina njia tatu tofauti kabisa. Upanga ni mwepesi. Gobore ni gumu. Jambia, ambalo pengine unaliona ndilo jepesi kuliko yote, ndilo linaloweza kukuingiza katika matatizo makubwa zaidi.

Nimalize kwanza habari ya jirani. Zamani fomu ya forodha ilisafiri imebandikwa juu ya kifurushi na kusomwa kikishafika. Siku hizi maelezo yanatangulia. Tangu 2021 Umoja wa Posta Duniani unataka taarifa za kila kifurushi chenye bidhaa zitumwe kwa njia ya kielektroniki kabla hakijafika nchi kinakokwenda, na nchi za Ulaya mwaka huohuo zilianza kudai taarifa hizo kabla ndege haijapakiwa. Afisa wa eksirei anaona umbo la upanga kwenye kioo, anasoma "mapambo ya nyumbani" pembeni, na tayari ana sababu ya kukizuia. Kibaya zaidi ni kwamba hoja yako nzuri kuliko zote, kwamba kitu hiki ni cha kale na ni cha urithi, inapotea hapohapo, kwa sababu ulikuwa na nafasi ya kuisema ukaandika kitu kingine. Nimeona vitu vya thamani vya familia vikiteketezwa kwa kosa hilo tu, wakati sheria ya nchi ile ingeviruhusu kuingia kama vingetajwa kwa jina lake.

Basi tuanze na karatasi. Ya kwanza unayo tayari au uko njiani kuipata: hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Watu huiona kama karatasi ya kugawia nyumba na shamba, lakini kwa forodha ya nchi za nje ni ushahidi kwamba kitu hakikununuliwa wala hakiuzwi, na Uingereza na Kanada zote mbili zina utaratibu wa kusamehe ushuru kwa mali ya urithi. Mwombe msimamizi wa mirathi aorodheshe kila kitu kwa maelezo yake: urefu, uzito, kimetengenezwa kwa nini, na kinakwenda kwa nani. Neno "silaha tatu" peke yake halitoshi.

Ya pili ni picha. Piga kila kitu pande zote, ukiweka rula kando yake, halafu piga kwa karibu kila alama, kila herufi, kila nakshi. Kama familia ina picha ya zamani ya babu amevaa jambia lile, itafute kwa bidii. Picha ya 1930 au 1950 inayoonyesha jambia hilohilo kiunoni ni ushahidi wa umri unaozidi barua nyingi za wataalamu.

Ya tatu ni barua kutoka Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, imeweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa binadamu kabla ya hapo ni cha kale kinacholindwa na hakitoki nchini bila kibali. Vifaa vya kiasili vya baadaye navyo vinaweza kuingia katika ulinzi huo. Wengi mnazijua hadithi za milango ya nakshi. Ile iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa kwa sheria hiyohiyo. Usijiamulie mwenyewe kama upanga wako umo au haumo. Peleka picha na maelezo, uombe waandike kwamba kitu hiki kinahitaji kibali au hakihitaji. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wanaosoma haya wajue kwamba Kenya mpaka ni 1895, na sheria ya 2006 inagusa hata vitu vilivyoingizwa Kenya kabla ya mwaka huo. Kwa hiyo jambia lililotoka Oman miaka ya 1880 likakaa Lamu tangu wakati huo ni la kale kwa sheria ya Kenya, hata kama halikutengenezwa Kenya.

Sasa upanga wa shangazi. Panga ndefu zilizonyooka za Kiomani, zenye makali pande mbili na mpini usio na kinga ya mkono, zilivaliwa sana pwani yetu wakati wa masultani, na nyingi zina chuma kilichofuliwa Ulaya, hasa Solingen, Ujerumani, kisha kikafungwa mpini Maskati au Unguja. Ukikuta alama ya mbwamwitu anayekimbia, au mwezi wenye uso, au herufi za Kizungu karibu na mpini, ipige picha na uitaje katika maelezo, maana itamsaidia mtaalamu kukadiria umri.

Uingereza ina orodha ya silaha zisizoruhusiwa kuingia wala kuuzwa, iliyotokana na sheria ya 1988, na mwaka 2008 iliongezwa humo panga zilizopinda zenye urefu wa sentimita 50 au zaidi. Upanga ulionyooka haumo katika kifungu hicho. Hata kama ungekuwa umepinda, silaha yenye zaidi ya miaka 100 imetolewa katika katazo, na panga zilizopinda zilizofuliwa kabla ya 1954, au kwa mkono kwa njia za jadi, nazo zina utetezi wake. Kwa hiyo shangazi yako hana kosa lolote akiupokea. Kwenye forodha, kitu chenye zaidi ya miaka 100 huingia chini ya namba ya bidhaa 9706, kisicho na ushuru wa forodha Uingereza, na kodi ya ongezeko la thamani kwa vitu vya kale ni asilimia 5 badala ya 20. Ukiuandika chini ya 9307, ambayo ni namba ya panga na visu vya vita kwa ujumla, unauondoa katika vitu vya kale na kuuingiza katika silaha, na kodi inabadilika. Shangazi aombe msamaha wa mali ya urithi kabla kifurushi hakijaondoka Tanga. Kuomba kikishafika ni kusumbuana bure.

Angalia tu mpini. Nyingi zimezungushiwa ngozi na nyuzi za fedha, na hizo hazina shida. Ukiona kitu cheupe kilichogeuka manjano chenye mistari midogo inayokatana kama wavu, pengine ni pembe ya ndovu, na hapo upanga unahamia kwenye kundi la jambia ninalolieleza sasa.

Nitakaa kidogo kwenye jambia, kwa sababu ndipo watu wengi wa pwani na wa Oman wanapoumia bila kujua.

Jambia la Kiomani ni hazina. Mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wake na desturi za kulivaa katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Fedha ya ala nyingi za zamani ilitokana na reale za Maria Theresa, zile sarafu zenye mwaka 1780 zilizotumika kuanzia Maskati mpaka Tabora, ambazo masonara waliziyeyusha. Makali yake hayamshtui mtu Maskati. Hatari iko kwenye mpini. Mipini ya heshima zaidi, Oman na hasa Yemen, ilichongwa kwa pembe ya kifaru, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka kwetu, ikisafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Miaka ya 1970, Wayemeni waliofanya kazi Saudia waliporudi na fedha za mafuta, kila kijana alitaka jambia la namna hiyo, na vifaru weusi wakakaribia kumalizwa Tanzania, Kenya na kwingineko. Mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeuawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018, alifuatilia biashara hiyo kwa miaka mingi mpaka kwenye maduka ya wachongaji wa mji wa Sanaa, Yemen.

Hapo ndipo unapoingia mkataba wa CITES, ule unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ulianza kufanya kazi 1 Julai 1975, na kufikia 1977 vifaru wote walikuwa katika kiambatisho cha kwanza, kile kikali kuliko vyote. Tanzania iliingia 1979, Oman 2008. Mkataba haujali kama pembe ni nzima au ni mpini wa sentimita 10 uliochongwa miaka 120 iliyopita. Mlango uliopo ni mmoja: kitu kilichopatikana kabla mkataba haujamgusa mnyama huyo kinaweza kupewa cheti maalumu na mamlaka ya nchi kinakotoka. Kwa Tanzania mamlaka hiyo ni Idara ya Wanyamapori katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Cheti hicho kinataka uthibitisho, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Ndiyo maana nimekusisitizia ile picha ya babu.

Wengine husema, "Basi kaka aje mwenyewe aondoke nalo kwenye begi, ni kitu chake binafsi." Mkataba una msamaha wa vitu binafsi vya nyumbani, ni kweli. Lakini kwa wanyama wa kiambatisho cha kwanza, msamaha huo haumhusu mtu aliyekipata kitu nje ya nchi anakoishi na sasa anakiingiza kwake. Kaka yako anaishi Maskati na urithi ameupatia Tanga. Msamaha haumfikii.

Kuna jambo la ndani ya nchi ambalo ni zito zaidi. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009, pembe ya kifaru iliyo mikononi mwa mtu bila hati ni nyara za Serikali, na kesi za nyara husikilizwa kama uhujumu uchumi. Kwa hiyo, kama una shaka yoyote juu ya mpini huo, usilibebe jambia kwenda nalo ofisini wala posta. Acha jambia nyumbani, chukua picha, chukua hati ya mirathi, mtafute wakili, na wakili ndiye aandike barua kwa Idara ya Wanyamapori kueleza kwamba msimamizi wa mirathi amekuta kitu hiki na anaomba kuelekezwa. Najua inaonekana kama kujitafutia makuu kwa jambia la babu. Lakini aliyeanza kuandika barua mwenyewe na aliyekutwa nalo kwenye eksirei hawasimami mahali pamoja mbele ya hakimu.

Utaujuaje mpini? Tafuta kioo cha kukuzia na tochi nzuri. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Imefanyika kwa nyuzi nyingi sana zilizoshikana, za jamii ileile ya kucha na nywele. Ubavuni utaona mistari myembamba inayokwenda sambamba kwa urefu, na pale ilipokatwa kwa upana utaona vidoti vilivyosongamana. Ukimulika tochi ukingoni, sehemu nyembamba hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Pembe ya ng'ombe au ya nyati ina matabaka, kama kitu kilichokunjwa, haina vidoti hivyo. Mfupa una vishimo vidogo vyeusi. Plastiki ya miaka ya karibuni haina chochote, ni laini mwanzo mpaka mwisho. Usikubali fundi yeyote achome sindano ya moto ili anuse harufu. Ng'ombe na kifaru watanuka sawasawa, na utakuwa umetoboa mpini wa babu bure. Ukiona matabaka, furahi, lakini eleza ni ya mnyama gani: nyati wa maji wa kufugwa Asia hana shida, nyati wa mbugani kwetu naye ni mnyamapori na pembe yake ni nyara.

Mpini ukiwa wa mti, wa pembe ya ng'ombe, au wa fedha tupu, jambia linakuwa kitu chepesi. Kaka akija likizo alisafirishe katika begi la kukabidhi kwenye kaunta, kamwe si begi la mkononi, alitangaze forodhani Tanga au Dar es Salaam na Maskati, na barua ya Mambo ya Kale iwe mfukoni. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko posta na kuliko kampuni. Mpini ukiwa wa kifaru na cheti kisipatikane, jambia libaki Tanga kwa utaratibu mtakaoelekezwa na Idara, na kaka apewe kitu kingine katika mirathi. Usimruhusu mtu akushauri kung'oa mpini na kutuma ala na chuma peke yake. Utakuwa umeharibu kitu ambacho hakuna fundi atakayekirudisha, na mpini bado ungali nyumbani kwako.

Gobore. Naomba usome kwa utulivu.

Pwani yetu na bara yake zilijaa magobore karne ya 19. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 mpaka 100,000 zilikuwa zikiingia pwani hii kila mwaka. Nyingi zilikuwa bunduki za jeshi zilizochakaa Ulaya na nyingine za kibiashara zilizotengenezwa Liège, Ubelgiji. Mkutano wa Brussels wa 1890 ndio uliobana, ukazuia bunduki za kisasa lakini ukaacha upenyo kwa zile za gumegume, yaani zinazowashwa kwa jiwe. Kwa hiyo babu ya baba yako kuwa nalo si ajabu. Lakini baada ya hapo mafundi wetu wa vyuma wameendelea kutengeneza magobore mpaka leo, mengine kwa bomba la maji, na kwa macho ya haraka kipya na cha kale vinafanana. Askari hana wajibu wa kudhani chako ni cha kale.

Hivyo basi, Tanzania ulichukulie kuwa ni silaha ya moto chini ya sheria ya silaha ya 2015 mpaka Polisi waandike vinginevyo. Usilitembeze barabarani ukidhani unafanya hisani. Nenda kituoni mikono mitupu, ukiwa na hati ya mirathi, pamoja na mwenyekiti wa mtaa ikiwezekana, utoe taarifa kwamba katika mali ya marehemu limekutwa gobore, na uwaombe waje wao walichukue au walikague. Kama marehemu alikuwa na leseni, itafute, maana kumbukumbu zake ziko kwao.

Na kuna sababu nyingine ya kuwaita. Magobore mengi ya kale yaliwekwa ukutani yakiwa yameshindiliwa. Mtu alilijaza kwa ajili ya nguruwe au wezi, usiku ukapita, na halikutolewa. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haiozi. Inaweza kulipuka baada ya miaka 100. Fundi silaha hupima kwa ufito wa mti: anauingiza polepole mdomoni mwa mtutu mpaka ugote, anautia alama, anautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Kama ncha yake haikufika usawa wa kitundu cha moto, ndani mna kitu. Hiyo ni kazi yake, si yako, na wala si ya kijana wa nyumbani mwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia. Kama pamoja na gobore kuna pembe ya kuwekea baruti au kikopo cha fataki, vile vifuniko vidogo vya kuwashia baruti, navyo vikabidhiwe. Baruti nyeusi ni kilipuzi cha daraja la kwanza katika usafiri wa anga, na hakuna posta duniani itakayoipokea, iwe gramu 5 au kilo 5. Hata gobore tupu likiwa na chengachenga za baruti mtutuni, mashine ya kunusa vilipuzi uwanja wa ndege itapiga kelele.

Upande wa Kanada, binamu yako ana bahati. Kule bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1898, isiyotumia risasi za kisasa, ni ya kale na haidai leseni. Hata ya gumegume iliyotengenezwa baadaye kwa mfano wa zamani, mradi ni bunduki ndefu na si bastola, imo. Lakini ya fataki iliyotengenezwa 1898 au baadaye haimo, na itamdai leseni kama bunduki nyingine. Kwa hiyo inabidi tujue gobore lenu ni la namna gani. Tazameni, polisi wakiwapo, bamba la chuma ubavuni penye nyundo. Kama nyundo inashika jiwe, ni gumegume. Kama inapiga kichuchu kidogo, ni ya fataki. Kisha tafuteni alama mtutuni. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni alama ya majaribio ya Liège, na tangu 1893 iliongezwa taji juu yake. Ikiwa yai halina taji, mtutu ulipimwa kabla ya 1893, na huo ni ushahidi mzuri kwa binamu kwamba gobore ni la kabla ya 1898. Neno TOWER lenye taji kwenye bamba, alama ya bunduki za jeshi la Uingereza, lisikulevye: wafanyabiashara waliliiga sana ili kuuza.

Wasomaji wenye ndugu Marekani wasichanganye miaka. Kule ya kale ni ile ya 1898 au kabla yake. Bunduki ya 1898 yenyewe ni ya kale Detroit na si ya kale Windsor, Kanada, ng'ambo ya mto. Uingereza inatazama kabla ya Septemba 1939 pamoja na orodha ya aina za risasi zilizoachwa kutumika.

Sasa, hata kama karatasi zote zikikamilika, yaani ruhusa ya Polisi ya kulitoa nchini, barua ya Mambo ya Kale, na maandishi ya binamu kutoka forodha ya Kanada, gobore lisiende kwa posta wala kwa kampuni ya vifurushi. DHL Express, kwa mfano, imeandika wazi kwamba haipokei bunduki kamili, risasi, vilipuzi hata visivyoweza kulipuka, wala sehemu za wanyama kama pembe ya ndovu. Kifurushi kutoka Tanga kwenda Toronto hakiruki moja kwa moja. Kitashuka katika kituo kimoja au viwili vya kupanga mizigo, labda Dubai, labda Leipzig, na kila kinaposhuka kinaangukia sheria ya mahali pale, ambako hukuomba ruhusa yoyote. Njia yake ni mzigo wa ndege kupitia wakala wa forodha mwenye leseni, anayejua kuomba ruhusa za nchi za kupita na anayeweza kuchagua ndege. Gharama yake inaweza kuzidi thamani ya gobore lenyewe. Ushauri wangu wa kweli ni kwamba familia ifikirie kulikabidhi Makumbusho ya Taifa, jina la babu liandikwe, na binamu apelekewe picha kubwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu nalithamini.

Umebaki upanga tu, na huo ndio wa kujibia swali lako la posta au kampuni. Umoja wa Posta Duniani unatunza orodha ya vitu ambavyo kila nchi imekataa katika vifurushi, na nchi nyingi zimeandika silaha kwa ujumla bila kutenganisha za kale. Mwombe karani wa EMS, huduma ya posta ya vifurushi vya haraka, akufungulie ukurasa wa Uingereza, usome mwenyewe. Kampuni nazo zina orodha zao. Andika barua pepe kwenye makao yao, uambatanishe picha, uulize kama wanapokea upanga wa kale wa zaidi ya miaka 100 kutoka Tanzania kwenda Uingereza, na usubiri jibu la maandishi. "Ndiyo" ya mdomo kaunta haitakusaidia upanga ukizuiwa njiani. Ukipata jibu la maandishi, lichapishe, uweke nakala ndani ya kifurushi na nakala nje katika mfuko wa hati. Fomu ijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa: upanga wa kale, umri wake, chuma na ngozi na fedha, mali ya urithi isiyouzwa, namba 9706, thamani ya kweli.

Thamani ya kweli ina sababu nyingine. Katika mzigo wa kimataifa wa ndege, mkataba wa Montreal unampa mbebaji kikomo cha kulipa kwa uzito, na tangu Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa). Upanga wenye kilo moja na robo ukipotea, unadai kama dola 45 za Marekani. Kikomo hicho huvukwa kwa tamko la thamani lililolipiwa au kwa bima ya pembeni, na bima nyingi za kampuni huweka vitu vya kale kando. Soma maandishi madogo, na ikibidi tafuta bima ya vitu vya sanaa.

Kufunga: usiung'arishe kwa Brasso wala kwa majivu. Ule weusi wa umri ndio ushahidi wako na ndio nusu ya thamani. Uushike kwa glovu, maana chumvi ya vidole hula chuma. Uchomoe kwenye ala, ufunge chuma peke yake kwa karatasi isiyo na asidi na ala peke yake, kwa sababu ngozi ya zamani huvuta unyevu na kuutia kutu. Ncha ivikwe kipande cha sponji ngumu ili isitoboe boksi na kumjeruhi mpakiaji. Tia vifuko vya kunyonya unyevu. Kama utatumia kasha la mbao, mbao za unene wa zaidi ya milimita 6 ziwe zimepashwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30, na zenye mhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungia mizigo, la sivyo upanga utapita na kasha litazuiwa. Plaiwudi haina masharti hayo, na ni nyepesi zaidi.

Polisi wakishafika na kulikagua gobore, omba ruhusa ya kupiga picha ya lile bamba la ubavuni na ya mtutu kwa juu na kwa chini, karibu kabisa na kitako, mchana, bila flashi. Nitumie pamoja na za mpini wa jambia zilizomulikwa tochi, nami nitakuandikia ninachokiona kabla hujalipa wakili wala wakala hata shilingi moja.